Chumba Kisicho na Pembe

Mdogo wangu aliungua mchana kweupe, mama akiwa kisimani na mimi nikitwanga mahindi uani. Ilikuwa Diani, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati nyumba za Wazungu kule ufukweni zilikuwa chache na barabara ilikuwa vumbi tupu. Alikuwa mvulana wa miaka sita hivi, na kifafa kilikuwa kimemwandama tangu utotoni. Aliingia jikoni kutafuta kipande cha muhogo, kifafa kikamshika hapo hapo, akaangukia mafiga. Nilimvuta kwa mguu. Nilipomgeuza, mkono wake wa kushoto ulikuwa umebabuka kuanzia kiwiko hadi vidoleni, naye alikuwa bado anatetemeka, hajui lililompata.

Watu walikuja kutupa pole, na kila aliyekuja alikuwa na ushauri. Wengine walisema ni pepo, apungwe. Wengine walituonya tusiliguse povu lake, tusije tukaambukizwa. Shangazi yetu, dada yake baba, alisema dawa ni kumfunga kamba mguuni na kumfungia kwenye kitanda kila mama anapotoka. Aliyasema haya kwa upole, huku akimpapasa mtoto kichwani, na mpaka leo upole ule ndio unaoniudhi zaidi. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamjibu neno moja tu, kwamba mtoto hafungwi.

Mama hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kutazama. Tangu siku ile, kila mdogo wangu alipoanguka, mama alimhudumia kwanza, akamlaza ubavu, akamfuta uso, kisha akarudi pale alipoangukia akapachunguza. Alipapasa kilichomgonga. Aliipitia nyumba nzima namna hiyo: mdomo wa kinu, jiwe la kizingiti, ndoana ya kutundikia kikapu, matendegu ya kitanda. Nilikuwa namfuata nyuma kama mkia, naye alinionyesha kila kitu na kuniuliza mimi ningeumia wapi kama ningeanguka hapo. Nilianza kuiogopa nyumba yetu wenyewe.

Kulikuwa na jambo la mlango pia. Siku moja kifafa kilimshika chumbani, akaanguka nyuma ya mlango. Baba alisukuma asiweze kuingia, kwa sababu kila alivyosukuma ndivyo alivyomkandamiza mwanawe. Ilibidi mama abomoe kiambaza kwa mchi, apenye kwenye fito. Alipotoka na mtoto mikononi, alimwambia baba kwamba anataka chumba.

Baba alikuwa mchoma chokaa. Alichoma mawe ya matumbawe tanurini, akawauzia waliokuwa wakijenga nyumba za ufukweni, na mikono yake ilikuwa imepasuka pasuka kwa kazi hiyo. Alikuwa mtu wa mzaha, hapendi maneno mazito, lakini mama aliposema chumba hakufanya mzaha. Alikata boriti na fito, akaunganisha chumba kidogo nyuma ya nyumba, na kila kitu alikifanya kama mama alivyotaka.

Mlango ulifunguka kwa nje, hauna komeo ndani. Majirani walicheka, wakauliza ni nani amewahi kuona mlango wa chumba cha kulala unaofunguka uani kama wa choo. Kitanda cha kamba kilikatwa matendegu mpaka kikabaki kimo cha kiganja juu ya sakafu. Sakafu haikupondwa ikawa ngumu kama za nyumba nyingine. Ilimwagwa mchanga wa pwani, mwingi, unaozamisha nyayo. Ukutani hapakuwekwa kigingi hata kimoja. Taa ilikuwa tatizo, maana mtoto alilia gizani na koroboi haikuweza kuwa karibu naye, basi mama alitoboa shubaka juu ukutani, upande wa ukumbi, koroboi ikakaa huko na mwanga ukapita kwake. Halafu pembe. Mama alichukua udongo akazijaza pembe zote nne kwa mkono wake, akazilainisha hadi ukuta ukazunguka kama ndani ya chungu, kisha akapaka chokaa ya baba.

Kitanda kikiwa chini namna ile nge hupanda, na mama alilijua hilo kabla ya kuambiwa. Kila asubuhi alipiga magoti na chekeche, akauchekecha mchanga wa chumba kizima, akatoa wadudu na mawe. Kazi hiyo haikuwa na mwisho. Lakini mdogo wangu alianguka mle ndani mara nyingi, na kila mara aliinuka akiwa mzima, mchanga kwenye nywele tu. Alianza kunenepa. Alianza hata kuwa mtundu, na mama, ambaye hakuwa amecheka kwa muda mrefu, alimgombeza huku anacheka.

Sasa nieleze jambo ambalo wageni hawalijui. Kwetu Wadigo, kwa mila ya zamani, mali ya mwanamume haikwenda kwa watoto wake. Ilikwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake, kwa kuwa ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa na baba wa kumlea na mjomba wa kumrithi. Dini ilikuwa imetufundisha vingine, na misikiti ilijaa kila Ijumaa, lakini watu waliyashika yote mawili. Walichukua sheria leo na mila kesho, kwa kutazama ni lipi lenye faida kwao. Nalisema hivi bila haya, maana nimeliona kwa macho yangu pande zote mbili.

Mwalimu wetu wa chuo, aliyetufundisha Kurani, alimshauri baba mapema. Alimwambia aite watu wawili watatu wa kuaminika, atamke mbele yao kwamba nyumba ameshawapa wanawe angali hai, wala si urithi. Hiba, basi, mambo yakaisha. Baba alicheka. Alisema mtu mwenye nguvu zake akianza kugawa nyumba watu watasema amechoka kuishi, na kwamba kufanya hivyo ni kujiitia mauti. Wanaume wengi wa pwani yetu walikuwa na woga huo. Hawakuogopa kupanda mnazi wakati wa mvua, lakini waliogopa kutamka kwamba ipo siku watakufa. Baba alisema atafanya baada ya mfungo. Baadaye akasema baada ya mavuno.

Alikufa kwa kifua. Moshi na vumbi la chokaa vilikuwa vimemkaa mapafuni, akakohoa majira mazima ya mvua, na tanuri lilipokuwa bado na majivu tulikuwa tumeshamzika. Mama aliingia eda. Shangazi alikuja kukaa naye, akampikia, akamfulia, akamsaidia kama anavyopaswa wifi kumsaidia wifi. Sikuona lolote baya. Siku eda ilipokwisha, mwanawe mkubwa wa kiume, mpwa wa baba, alifika na mkeka wake na mke wake.

Wazee walikaa barazani kwetu. Mama aliomba iamuliwe kwa dini. Alisema watoto wana haki yao kwa Mungu, na kuna kadhi, apelekwe kwa kadhi. Walimjibu kwa adabu nyingi. Walimwambia hakuna anayeikataa dini, ila kiwanja kile kilikuwa cha ukoo wa mama yake baba, na watoto wake yeye hawakutupwa, wana mjomba wao. Kila mtu alimwita dada. Hakuna aliyepaza sauti. Mama alisema neno la mwisho akimtazama shangazi.

"Wifi, nyumba chukueni. Niachieni kile chumba cha nyuma tu, mpaka mtoto apate nguvu."

Shangazi alilia kweli, machozi yalimtoka. Alisema yeye angependa, lakini mwanawe anahitaji mahali pa kuwekea mbata. Nazi kavu za kukamua mafuta, ndizo zilizoingia mle ndani. Tulipokuwa tunafunga vitu vyetu zilikuwa zimeshamwagwa juu ya mchanga ule alioupigia mama magoti kila asubuhi. Nilimchukia shangazi siku hiyo na sijaacha. Amekufa zamani, nimemwombea dua kama inavyotakiwa, na bado namchukia.

Mjomba alikuwa akiishi karibu na Bodo, kusini mwa Msambweni, akikata boriti kwenye mikoko. Yeye na mama walikuwa wamebaki wawili tu wa tumbo moja. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, ina mke wake na watoto wao watatu: msichana wa rika langu na wavulana wawili wadogo. Tulifika jioni na vikapu vyetu, nami nilikuwa nimejiandaa kununiwa.

Hatukununiwa. Mke wa mjomba, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, alimwona mdogo wangu akianguka siku ile ile ya kwanza, na kesho yake asubuhi mafiga yalikuwa yamehamishwa kutoka ndani kwenda nje, nyuma ya ua wa makuti. Alipika juani na mvuani tangu siku hiyo. Hakuogopa povu. Alimfuta mdogo wangu mdomo kwa ncha ya leso yake mwenyewe, na aliwafundisha wanawe wasikimbie bali wamgeuze ubavu. Binti yake na mimi tulilala mkeka mmoja ukumbini, tukavaa leso kwa kupokezana, tukagombana na kupatana. Kama kuna miaka niliyoishi bila hasira, ni ile.

Mama tu ndiye hakupumzika. Ukumbi ule ulikuwa na nguzo mbili za boriti, na mdogo wangu alikuwa akikua, akianguka kwa kishindo zaidi. Alipasuka paji la uso kwenye nguzo. Akavunja jino. Mama hakulalamika, ila nilimwona akizipapasa zile nguzo kama alivyokuwa akifanya zamani, na akivitazama vile vyumba viwili.

Mjomba alijikata mguu kwa shoka kule mikokoni. Jeraha lilikuwa dogo, alilicheka mwenyewe, akalifunga kitambaa akaendelea na kazi. Pepopunda ikamshika. Taya zilimkaza, mgongo ukapinda, na yeye aliyekuwa amebeba magogo mabegani maisha yake yote hakuweza kumeza maji. Tulimzika nyuma ya msikiti, na mkewe akaingia eda katika chumba cha ndani.

Wazee wakaja tena, wazee wengine, baraza nyingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la kahawa, na nilijua kabisa nini kingesemwa. Nilijua mama angesema nini. Mwanamke aliyetolewa nyumbani kwake na mila angesema dini, angesema watoto wa marehemu wana haki yao, nami nilikuwa tayari nimeona fahari.

Mwalimu wa msikiti wa pale ndiye aliyeanza. Alisema kwa sheria ya Kiislamu nyumba ni ya watoto wa marehemu na mjane wake, na kwa kuwa ana wana wa kiume, dada hana fungu. Mzee mmoja akasema kwa mila marehemu ana mpwa, ndiye huyu mtoto mgonjwa, na mpwa ndiye mwenye nyumba. Wakamgeukia mama, wakamwomba aseme neno, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama badala ya mwanawe.

"Kule Diani nilisema dini, nikaambiwa ni mila," mama alisema. "Basi hapa pia ni mila. Mimi sikuitunga."

Nililiweka sinia chini. Mwalimu alijaribu kumkumbusha kuhusu mayatima, akamwambia yeye mwenyewe anajua uchungu wake. Mama alimjibu kwamba anaujua, na kwa kuwa anaujua hataki mwanawe aonje mara ya pili. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mila ilikuwa imepata mtetezi ambaye hawakumtarajia, nao walifurahi.

Waliamua nyumba ni ya mpwa, ila mjane na wanawe wasibughudhiwe mpaka eda yake iishe. Hilo lilionekana kuwa jambo la kiungwana sana. Akaachiwa chumba cha ndani, na mama akaanza kazi katika chumba cha pili siku chache baada ya hapo, kwa kuwa mvua zilikuwa zinakuja na udongo haukauki mvuani. Kiambaza kimoja tu kiliwatenganisha. Mjane alikaa upande wake ametulia, hatoki, hajipambi, na huko upande wa pili alisikia mlango ukitolewa kwenye bawaba, ukigeuzwa ufunguke kwa nje. Alisikia matendegu yakikatwa kwa msumeno. Alisikia mkono wa mama ukiukanda udongo katika pembe, pap, pap, mchana kutwa.

Sisi watoto hatukuwa tumeambiwa uamuzi. Mimi nilikuwa nimesikia maneno ya barazani, lakini nilikuwa mtoto, nikafikiri mwenye nyumba amebadilika jina tu na tutaishi vile vile, sote pamoja. Mama alitutuma mchanga. Tulikwenda ufukweni sote, mimi, binti wa mjomba na wale ndugu zake wadogo, kwa vikapu na sufuria, na mdogo wangu akitembea katikati yetu tukimchunga. Tulibeba mchanga ule kwa nyimbo. Yule mvulana mdogo zaidi alibeba kwa kibuyu, akimwaga nusu njiani. Binti wa mjomba aliniuliza yeye atalala upande gani, nikamwambia upande wa ukutani, mimi upande wa mlango. Alisema afadhali, kwa sababu yeye huona baridi.

Sijui mama alikuwa akifikiria nini alipowaona wakimwaga mchanga wao sakafuni. Aliwashukuru. Aliwapa kila mmoja kipande cha muhogo wa kuchemsha. Nimemtetea mama kwa watu wengi maishani mwangu, nimesema alikuwa mjane, nimesema alikuwa na mtoto mgonjwa, nimesema alitendewa vivyo hivyo. Yote ni kweli. Lakini muhogo ule siwezi kuutetea.

Eda ilipokwisha mjane alioga, akabadilisha nguo, akatoka. Alikuwa amekonda. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa chumba kipya, akavua viatu, akaingia. Mama alikuwa ndani, anapaka chokaa ya mwisho. Mjane alipitisha kiganja ukutani polepole, akazunguka chumba chote, akafika mlangoni tena bila kukutana na pembe.

"Umetengeneza vizuri, wifi," alisema. "Mwanao atalala salama. Hawa wangu, niambie, nikawatengenezee wapi?"

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia. Mama hakugeuka. Alichovya kitambaa kwenye chokaa, akaendelea kupaka mahali ambapo palikuwa pameshapakwa. Mjane alingoja. Kisha akaenda kufunga vitu vyake.

Mdogo wangu hakuungua tena. Aliishi katika chumba kile utoto wake wote, na kifafa kilipopungua ukubwani akaoa, akapata watoto. Watu wa kule humsifu mama mpaka leo kwa namna alivyomlea, na wanawake wenye watoto wa namna hiyo walikuwa wakija kukitazama chumba, wakarudi makwao kukata matendegu ya vitanda. Wana haki ya kumsifu. Sijaona chumba salama zaidi, wala sijawahi kupenda kuingia.

Mjane na wanawe waliondoka asubuhi iliyofuata siku ile ya kutoka eda, kwenda kwa kaka yake mjane huko Vanga. Binti wa mjomba alikuwa ameshaambiwa usiku, hakunitazama. Alibeba mkeka wetu, ule tuliolalia pamoja, nami sikuudai. Walipokuwa tayari njiani, mama yao akawahesabu, akakuta yule mvulana mdogo zaidi hayupo. Waliita. Tukazunguka nyumba, tukatazama kisimani. Alikuwa mle chumbani, amelala fofofo juu ya mchanga, mikono ameitupa huku na huku, kama mtoto asiye na la kuogopa.

Mjane aliinama akamwinua bila kumwamsha. Mtoto alikuwa na mchanga shavuni na kwenye nywele. Akasimama pale pale, akampangusa taratibu, kichwa, shavu, viganja, nyayo, mpaka hapakubaki hata punje, na mchanga wote ukaangukia sakafuni mwetu. Kisha akampakata, akatoka, akaurudisha mlango kwa mgongo wake. Mama alingoja mpaka sauti zao zikapotea. Akapiga magoti, akachukua chekeche, akaanzia pale mtoto alipokuwa amelala.